Miswada Iliyobaki Daftarini: Tamasha la Drama Kitui na Makueni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapofundisha historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu tunaanza na vitabu vilivyochapishwa. Yafaa ukumbuke kwamba baadhi ya vitabu hivyo vilizaliwa shuleni. Graham Hyslop, aliyesimamia muziki na drama enzi za ukoloni, alitunga michezo ya Kiswahili na kuwahimiza wanafunzi wa Alliance watunge yao. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyochapishwa 1957, ni zao la malezi hayo.

Tamasha la drama la shule, lililoanza 1959, ndilo lililokuja kuirithi kazi hiyo, ingawa mwanzoni lilitawaliwa na Kiingereza na michezo ya kigeni. Wasambo Were alipokuwa mkaguzi wa drama katika miaka ya 1970, miswada ya Kiafrika ilipewa nafasi yake.

Sasa tuje Ukambani. Hadi Makueni ilipokatwa kutoka Machakos mwaka 1992, shule za Wote na Kibwezi zilihesabiwa upande wa Machakos. Zilizofuzu, pamoja na zile za Kitui, ziliingia mashindano ya Mkoa wa Mashariki, ambako waliohudhuria walitoka pia Meru, Embu na Isiolo. Mchezo wa Kikamba ungewaacha wengi wao nje. Kwa hivyo Kikamba kilistawi zaidi katika ngoma, nayo tamthilia ikatafuta lugha ya wote. Kiswahili kilikuwa hitaji la jukwaa kabla hakijawa hitaji la mtihani!

Tazama pia jinsi mswada unavyokua. Mwalimu huuandika kwa mkono, wanafunzi huujaribu bwaloni baada ya masomo, kisha mwamuzi hutoa maoni yake mbele ya watu. Usiku huohuo onyesho hukatwa, mhusika huongezwa, mwisho hubadilishwa. Mswada unaovuka ngazi kadhaa huwa umehaririwa mara nyingi kuliko kazi nyingi zilizomo madukani. Mwanafunzi aliyepitia hayo hahitaji kukaririshwa maana ya maelekezo ya jukwaani.

Baada ya tamasha, je? Mwaka unaofuata hutakiwa mchezo mpya. Daftari huingia kabatini, na TSC ikimhamisha mwalimu, huondoka nalo. Taifa zima lilikumbuka Shackles of Doom ya Shule ya Wasichana ya Butere mwaka 2013 kwa kuwa ilipigwa marufuku na Mahakama Kuu ikairuhusu. Mchezo usiomuudhi mkubwa yeyote haupati bahati hiyo. Ndiyo maana mhakiki anayetaka kueleza tamthilia ya Kiswahili ya Kitui na Makueni hukosa matini ya kunukuu, na mtahiniwa wa huko husoma tamthilia kana kwamba ni kitu kinachotoka mbali.

Uwapo Mutomo, Mwingi, Kibwezi au Tawa, fungua kabati la chama cha drama kabla ya likizo. Ukiokota daftari, andika juu yake jina la mchezo, la mtunzi na la shule, pamoja na mwaka, kisha toa nakala mbili: moja ya maktaba, nyingine ya mtunzi mwenyewe, popote alipohamishiwa.