MWENZA ANAKOROMA? WAZEE WA RUNGWE WALILALA MBALI MBALI NA NDOA ZIKAENDELEA!

Mbeya na Iringa mwezi wa 6 na wa 7 baridi haina utani. Blanketi moja, chumba kimoja, na jamaa anakoroma kama lori linalopanda Kitonga. Mwenzie ahamie wapi?

Wanyakyusa wa Rungwe zamani walijipanga. Miaka ya 1930 mtafiti Monica Wilson alikuta watoto wa kiume wa kama miaka 10 wanahama kwa wazazi, wanalala kwenye vijumba vyao. Mwenye wake wengi, kila mke na nyumba yake. Kulala mbali haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima.

Mkoromo wenyewe watu waliucheka tu. Mwaka 1981 daktari wa Australia, Colin Sullivan, akatangaza mashine ya kusukuma hewa puani, maana wapo wanaokoroma mpaka pumzi inakata usingizini.

Basi mkoromaji alalie ubavu, na ulanzi wa usiku apunguze, pombe inalegeza koo. Ila mkoromo ukikatika ghafla, kimya, kisha akashtuka anatafuta hewa, hapo usimpige kiwiko wala kumrekodi umuweke status. Mpeleke hospitali.