Ndovu Wana Namba. Wengine Je?

Wasee, Kenya imekuwa ikihesabu watu tangu enzi za mkoloni. Lakini sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori ilifanyika 2021. Yaani juzi tu! Na kabla useme "kwani iko nini, si ni wanyama tu," hebu turudi nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 70, Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Serikali ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini majangili hawakujali. Kufikia 1989, ndovu walikuwa wamebaki kama 16,000. Piga hesabu: kwa kila ndovu kumi, tisa hawako. Vifaru weusi walikuwa na hali mbaya hata zaidi. Kutoka karibu 20,000 mwaka wa 1970, walishuka hadi chini ya 400.

Bila hizo namba, tungebaki na stori za "siku hizi ndovu wamepungua," na mkubwa fulani angejibu kwamba wamehama tu. Namba zilimaliza huo ubishi. Julai 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikitazama. Oktoba mwaka huo huo, mataifa yalikutana Uswisi yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu.

Sasa angalia sensa ya 2021: ndovu 36,280. Bado hatujafika tulikotoka, lakini wameongezeka zaidi ya mara mbili. Hiyo si bahati.

Lakini sensa hiyo hiyo ilitoa namba nyingine ambayo haikutrendi: korongo 15. Huyu ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, na kwa Kenya amebaki Ruma pekee, kule Homa Bay. Kumi na tano! Hao wanaweza kutoshea kwa matatu moja na viti vingine vibaki.

Na huyo angalau amehesabiwa. Bayoanuwai si ndovu na simba peke yao. Kuna vyura, nyuki, samaki, miti na nyasi. Ukiwa juu kwa ndege huwezi kumwona chura. Akiisha, hakuna namba ya kuonyesha kwamba aliwahi kuwa wengi, na hakuna atakayewasha moto kwa ajili yake.

Kuhesabu peke yake hakuokoi mnyama, hiyo najua. Vifaru weupe wa kaskazini tuliwahesabu hadi wakabaki wawili, Najin na Fatu, wote wa kike. Namba ikichelewa, inakuwa cheti cha kifo.

Kwa hivyo ukisikia mtu akiuliza kwa nini pesa za umma zinaenda kuhesabu wanyama, mwambie kuhusu 1989. Halafu mwambie kuhusu wale 15.