Foo-wili ya kuunganisha: uendeshaji wakati wa masika, Bonde la Kilombero

Foo-wili ya kuunganisha ni gari ambalo siku zote husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na dereva huyaingiza ya mbele kazini pale tu anapoyahitaji, kwa mkono wa pili wa gia ulio ubavuni mwa ule wa kawaida. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zimo katika kundi hili, pamoja na Hilux nyingi za kazi, Nissan Patrol za zamani na Suzuki ndogo za miaka ya nyuma. Land Rover Defender haimo: magurudumu yake manne husukumwa muda wote, na mkono wake wa pili una kazi ya ziada ya kufunga difu ya katikati. Ifakara kila gari lililonyanyuka huitwa foo-wili, na makosa mengi ya uendeshaji huanzia hapo, kwa kuwa linalofaa kwa gari moja huharibu jingine.

Bonde la Kilombero liko mkoani Morogoro, kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ni ardhioevu kubwa, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,967. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei, na mafuriko hufikia kilele Machi na Aprili. Kwa miaka mingi safari ya kwenda Mahenge au Malinyi ilikatizwa na kivuko cha Mto Kilombero. Tangu mwaka 2018 magari hupita juu ya Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara nayo imejengwa kwa lami katika miaka ya karibuni. Lakini anayeelekea Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba, au anayeingia vijijini kwenye njia zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, bado hukutana na udongo.

Udongo wenyewe si wa aina moja. Chini ya Udzungwa mito imemwaga mchanga na changarawe, na hapo gari hupita hata siku ya mvua. Ukikaribia katikati ya bonde unaingia kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Ukilowa, hujaza meno ya tairi mpaka tairi jipya likawa laini. Kupunguza upepo, dawa nzuri ya mchanga, hapa husaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni mwendo mdogo usiokatika, na kukanyaga mafuta kwa kipimo ili gurudumu lizunguke na kurusha tope lililonata. Malori ya mpunga ndiyo huharibu zaidi. Mavuno huanza njia zikiwa hazijakauka, na matairi ya lori huchimba mifereji mipana kuliko nafasi ya magurudumu ya gari dogo. Upande mmoja unazama mferejini, wa pili unapanda tutani, na difu inakaa juu ya udongo. Likishakaa tumbo hivyo, foo-wili haina la kufanya. Ni beleshi, jeki, ubao wa kuwekea jeki, na vijana wa kijijini ambao bei yao hupangwa kabla ya kusukuma.

Katika Land Cruiser nyingi za bondeni, kuunganisha ni kazi ya hatua mbili. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitasa cha kuzungusha chenye maandishi FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu huzunguka lenyewe bila kuzungusha ekseli. Dereva anayesukuma mkono wa pili hadi H4, alama ya magurudumu yote manne, bila kufunga vitasa huona taa ikiwaka kwenye dashibodi huku magurudumu ya mbele yakiwa hayavuti chochote, na mara nyingi hugundua akiwa tayari amenasa. Hapo hushuka, huingiza mkono topeni hadi kwenye kiwiko, na kukitafuta kitasa kwa vidole. Wazoefu hufunga vitasa mapema, lami inapoishia, kisha huendelea na H2, yaani magurudumu ya nyuma peke yake. Hakuna kinachoharibika kwa kufanya hivyo. Mafuta huongezeka kidogo tu, na H4 inapohitajika huingia gari likiwa kwenye mwendo, mradi usukani umenyooka na mwendo si mkubwa. L4, ambayo huongeza nguvu ya kuvuta takriban mara mbili au zaidi kulingana na gari, huingizwa gari likiwa limesimama.

Kuunganisha hufundishwa sana. Kuachanisha husahauliwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiko kunakopima dereva. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima yazunguke zaidi. Foo-wili ya kuunganisha haina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, hivyo mtambo wote hujikaza: usukani huwa mzito, matairi hulia kwenye kona, na mkono hugoma kutoka H4. Kuulazimisha kwa kupiga teke kumevunja vitu vya bei. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, utatoka wenyewe. Zamani, barabara yote ilipokuwa udongo, dereva aliweza kuunganisha asubuhi na kusahau hadi jioni. Lami ilipoingia kwa vipande, na tope kubaki kwenye michepuko, kazi ya mkono ule imeongezeka badala ya kupungua.

Madereva wa Sweden na Kanada hukutana na shida hiyo hiyo wakati wa baridi, barabara inapokuwa na barafu kivulini na lami kavu juani, kilomita moja ikiwa na hali zote mbili. Nao hujifunza jambo ambalo huku hujifunzwa kwenye miteremko ya Mahenge: foo-wili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kila gari lina breki nne. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, gari huwekwa L4 gia ya kwanza au ya pili kabla ya kuanza kushuka, mguu hutolewa kwenye klachi, na injini huachwa ishike gari. Breki ikikanyagwa kwa nguvu magurudumu hujifunga, na usukani hauna tena wa kumwelekeza. Barabara ikiwa na mgongo, gari hukaa katikati ya mgongo; pembeni huteleza lenyewe hadi mtaroni.

Mito midogo inayoshuka Udzungwa, ukiwemo Lumemo ulio jirani na mji wa Ifakara, hupanda ghafla mvua ikinyesha milimani hata kama bondeni kuna jua. Kivuko hupimwa kwa mtu kutembea na fimbo, na maji yaendayo kasi yanayozidi magoti huachwa yapungue. Bomba la kuvuta hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa hulinda injini, lakini halilindi difu. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hupoa, hewa iliyomo husinyaa, na kama kipumulio chake hakikupandishwa juu, huvuta maji kupitia sili. Gari hufika salama na kuendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kulia. Ndiyo maana baada ya kuvuka maji marefu fundi hulegeza nati ya chini ya difu zote mbili na ya transfa, sanduku la gia la mkono wa pili, akaacha matone machache yadondoke: oili ikitoka nyeusi au ya kahawia, hurudisha nati, ikitoka nyeupe, humwagwa yote siku hiyo hiyo.