Babu Hakuwa na Daftari

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa shilingi elfu tatu, karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, kwa jamaa mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai. Hakikuwa na jalada. Jamaa aliniona nimeegesha pikipiki pembeni akanirushia neno: "Kaka, chukua hiki, kinahusu kazi yako." Alijua naendesha bodaboda. Hakujua kwamba naandika. Hata kijiweni kwetu wanaojua ni wachache, maana ukisema unaandika swali la kwanza ni moja tu: "Na anayelipa ni nani?"

Ndugu msomaji, nilikisoma wiki tatu nzima, nikisubiri abiria, kamusi mfukoni. Leo nataka tuzungumze habari za mtu huyo. Halafu, ukinivumilia, nitakuambia habari za mtu mwingine ambaye hayumo katika kitabu chochote.

Ted Simon alizaliwa Ujerumani mwaka 1931, akakulia London, akawa mwandishi wa magazeti. Tarehe 6 Oktoba 1973, akiwa na miaka 42, aliwasha Triumph Tiger 100, pikipiki ya cc 500, akaondoka London peke yake kuizunguka dunia. Sasa angalia bahati ya mtu. Siku ile ile Misri na Syria ziliishambulia Israel, na njia yake ilikuwa ipite Misri. Bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Na kiwanda cha Triumph kule Meriden kilikuwa kimezingirwa na wafanyakazi wake wenyewe tangu Septemba, baada ya kuambiwa kwamba kinafungwa. Yaani vita mbele, mgomo nyuma, na petroli ndiyo hiyo inakuwa dhahabu. Wengi wetu tungeirudisha pikipiki ndani tukafunga mlango. Yeye alikwenda.

Alishuka Ulaya, akavuka bahari hadi Tunisia, akapita Libya, Misri, Sudan na Ethiopia, akaingia Kenya, Tanzania na Zambia, mpaka Rhodesia na Afrika Kusini za wakati ule wa utawala wa makaburu na walowezi. Kutoka huko akapanda meli hadi Brazil, iliyokuwa chini ya wanajeshi, na polisi wakamweka ndani wakimshuku kuwa jasusi. Alipotoka akazunguka Amerika Kusini, akapanda hadi California, akaenda Australia, Malaysia, Thailand, India, akarudi kwa njia ya Afghanistan, Iran na Uturuki. Akafika kwao mwaka 1977. Miaka minne, nchi 45, kilomita zaidi ya 100,000. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka 1979, na jina lake lilitokana na maneno aliyoambiwa na mtabiri mmoja huko India.

Huyu si dereva hodari, na kitabu hakidai hivyo. Sisi wa kijiweni tungemcheka mara nyingi tu. Anapakia mizigo mingi, anaanguka mchangani, injini inamsumbua naye anaifungua kando ya barabara huku watoto wanamtazama. Kilichonishika ni jinsi anavyowatazama watu. Akiharibikiwa haandiki kwamba ameharibikiwa tu. Anaandika ni nani aliyekuja, alisimamaje, alimpa nini. Kwake kuharibikiwa ndiko kusafiri. Mtu ambaye pikipiki yake haizimi hapati sababu ya kuongea na mtu.

Wapo wengine waliosafiri hivyo. Mwaka 1982 binti wa Kiingereza, Elspeth Beard, mwanafunzi wa usanifu majengo mwenye umri wa miaka 23, aliondoka na BMW R60/6 kuukuu kuizunguka dunia. Alirudi London mwaka 1984. Je, kitabu chake kilitoka lini? Mwaka 2017. Miaka 33 safari nzima imekaa kabatini! Ndipo nikaanza kuelewa kwamba safari ni kitu kimoja na habari ya safari ni kitu kingine, na kwamba ya pili inaweza kufa wakati mwenye safari bado yu hai.

Hapo nikamkumbuka babu.

Babu mzaa baba alikuwa fundi pikipiki pale Ngarenaro. Alikuwa na Honda yake, na kila baada ya miezi miwili mitatu alikuwa akienda Nairobi kununua spea na kumwona mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya reli. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270. Alikuwa akitoka alfajiri, chai anakunywa Namanga, mchana yuko kwa mdogo wake. Wala hakuiona kuwa ni safari ya kimataifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967 ilikuwa na reli moja, posta moja, bandari moja, ndege moja, na makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Arusha. Simon naye alipotoka Kenya kuingia Tanzania alivuka mpaka huo wa Jumuiya, miaka kama mitatu kabla mambo hayajaharibika.

Yaliharibika kwa sababu nyingi. Kenya ilishika njia ya kibepari, Tanzania ikashika Azimio la Arusha. Kila mmoja alilalamika kwamba mwenzake ndiye anayefaidi. Mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, basi wakuu wa Jumuiya wakawa hawakutani tena. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilianguka, Kenya ikaanzisha lake, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka. Wakubwa walipogombana, chai ya Namanga ikakatika.

Mpaka ulifungwa karibu miaka saba. Mdogo wake babu alikuwa upande wa pili, ana kazi, ana mke. Mwaka 1980 alifariki. Babu aliipata habari wiki tatu baadaye, kwa mdomo wa mtu aliyepita njia za panya. Mazishi yalikwisha zamani. Alikaa matanga peke yake hapa Arusha kwa ajili ya kaburi ambalo hakuwa amelitia hata konzi ya udongo.

Novemba 1983 viongozi wa nchi tatu walikutana Arusha na mpaka ukafunguliwa. Desemba babu aliwasha ile Honda, akaenda.

Hiyo ndiyo safari ninayoitaka mimi, msomaji wangu. Kilomita 270 tu, nchi mbili tu, hakuna Amazon wala Himalaya. Lakini ilichukua miaka saba kuianza. Na ninayoyajua juu yake ni mambo matatu, yote kutoka kwa bibi. Kwamba alivaa koti la marehemu, ambalo marehemu alilisahau kwetu alipokuja Krismasi ya mwisho. Kwamba pale Namanga askari mmoja alimkumbuka kwa jina. Na kwamba alirudi na mnyororo mpya wa pikipiki, akautundika msumarini katika banda lake, na hakuufunga hata siku moja. Basi. Babu alifariki mwaka 2009, mimi niko darasa la tano, na swali nililokuwa nikimuuliza ni moja tu, kama nitapanda mbele au nyuma.

Simon alikuwa na daftari, na alikuwa na gazeti la Sunday Times kule London lililosubiri makala zake. Alikuwa na pasipoti ya Uingereza, na hati ya forodha ya kumwezesha kuingiza pikipiki nchi moja na kuitoa nyingine. Sisemi hivi kwa kijicho. Jua la Sudan halikuuliza pasipoti ya mtu, na mwaka 2001, akiwa na miaka 69, alirudia njia zile zile, akavunjika mguu huku kwetu Kenya, akapona, akaendelea. Mtu kama huyo namvulia kofia. Nasema tu kwamba mpaka ule ule ulivukwa na watu wawili, na aliyekuwa na mazoea nao ndiye asiyeandikwa popote.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nikaamua kuifuata njia ya babu. Niliondoka alfajiri, kama yeye. Baridi ya Oldonyo Sambu iliniingia mpaka kwenye meno. Longido nikasimama kupasha mikono kwenye injini. Namanga nikafika jua limeshapanda. Siku hizi kuna kituo kimoja cha pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018. Maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Mimi nilikuwa na hati yangu ya muda ya kusafiria, nimejiandaa vizuri kabisa. Ofisa akaniuliza, "Kadi ya pikipiki ina jina la nani?"

"La tajiri."

"Barua yake ya ruhusa iko wapi, mdogo wangu?"

Sikuwa nayo. Nisingeweza hata kuiomba, kwa sababu tajiri alijua niko mjini natafuta hesabu yake ya siku. Ofisa hakunifokea. Alinirudishia hati yangu akasema nirudi nikiwa na barua. Kosa lilikuwa langu, na haraka yangu.

Nikaingia mgahawani upande wetu, nikaagiza chai. Nilikaa pale saa mbili nikitazama malori yanavuka, na nikaandika kurasa nne: namna mama wa mgahawa anavyopooza chai kwa kumimina juu chini, namna kijana wa Kimasai alivyoisogelea pikipiki yangu akaisikiliza injini kabla sijaizima. Jioni nikarudi mjini nina deni la hesabu ya siku nzima, na kijiweni wakanicheka mpaka nikacheka na mimi. Lakini zile kurasa nne ninazo.

Wenzangu mnaotaka kuandika, kila siku tunalalamika kwamba hatuna cha kuandika, hatujasafiri, hatujaona dunia. Wakati huo huo nyumbani kuna mzee aliyesubiri miaka saba avuke mstari. Kuna shangazi aliyepita njia za panya na mtoto mgongoni. Wao hawatatuletea makala. Itabidi tuwaulize, na tuwaulize mapema.

Bibi bado yu hai, ana miaka 84, na masikio yake ni mazima. Jumapili ninakwenda kwake na daftari. Nitaanza na jina la yule askari.