Kutch: wilaya kame iliyogeukia bahari

Kuna mada moja imenikaa kichwani wiki nzima, nikaona nisibaki nayo peke yangu. Wengi wenu mnasomea ualimu kama mimi, na si muda mrefu tutakuwa tumesimama mbele ya darasa tukiulizwa maswali.

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari, Wahindi walifikaje Afrika Mashariki? Jibu liko mdomoni: waliletwa na Waingereza kujenga reli. Anapewa vema, anakaa. Jamani, huo ni ukweli nusu. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na waliobaki huku hawakufika 7,000. Sasa wale wenye maduka Unguja na Bagamoyo, waliokuwepo miaka mingi kabla ya reli, walitoka wapi? Wengi walitoka pwani moja ya Gujarat, na hasa sehemu iitwayo Kutch.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kutch ni wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674, yaani zaidi ya mara tatu ya mkoa wa Kilimanjaro. Lakini sensa ya 2011 ilikuta watu milioni 2.09 tu. Kwa nini wachache hivyo? Sehemu kubwa ya wilaya ni Rann, tambarare ya chumvi isiyolimika. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi unasukuma maji ya bahari ndani, mvua na mito vinaongezea, na tambarare yote inageuka ziwa la kina kifupi. Maji yakikauka inabaki chumvi nyeupe hadi upeo wa macho. Kusini kuna ghuba, magharibi bahari. Wenyewe husema jina la Kutch linatokana na kobe, kwa jinsi nchi ilivyoinuka katikati na kuzungukwa na maji na matope. Panapolimika wanapanda uwele, pamba na nyonyo, na mvua ikigoma ndiyo basi tena. Kaskazini, kwenye nyasi za Banni, wapo wafugaji waitwao Maldhari, na nyati wao wa maziwa wanasifika India nzima.

Halafu ikaja tarehe 16 Juni 1819. Tetemeko kubwa liliinua ardhi kama ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, wenyeji wakauita Allah Bund, yaani tuta la Mungu. Ngome ya Sindri ikazama majini. Mji wa bandari wa Lakhpat, uliokuwa ukitegemea mkono wa mto Indus, ukaanza kufa. Ukienda leo utakuta kuta ndefu za ngome na kaya chache ndani yake.

Kwa hiyo watu wa Kutch walikuwa na nchi isiyowashibisha, lakini walikuwa na bahari, na walikuwa wakiijua muda mrefu kabla ya tetemeko hilo. Bandari yao ya Mandvi ilikuwa ikifanya biashara na Maskati na pwani yetu tangu zamani. Kaskazi inaleta jahazi huku, kusi inalirudisha. Kumbe kusi hiyo hiyo inayofurika Rann ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha mabaharia nyumbani!

Seyyid Said alipohamia Unguja, Wakutchi walikuja kwa wingi zaidi. Kampuni ya Jairam Shivji, ya ukoo uliotoka Mundra, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1830 na kitu na 1886. Yaani inamlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, halafu inakusanya ushuru yenyewe na faida ni yake. Tharia Topan, mzaliwa wa Lakhpat, alikuja akiwa kijana maskini akaishia kuwa tajiri mkubwa. Allidina Visram, mzaliwa wa Kera huko huko Kutch, alisambaza maduka hadi Uganda. Wakazi wa Dar wanaijua wodi ya Sewa Haji pale Muhimbili. Huyo naye alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, ukoo wake wa Kutch.

Nguvu yao ilikuwa mkopo. Waliwakopesha wenye misafara nguo na shanga, misafara ikaenda bara miezi na miezi, pembe za ndovu zikirudi ndipo deni linalipwa. Hapa tusifichane: fedha hizo hizo ziliendesha pia misafara ya watumwa na mashamba ya karafuu. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaachia huru watumwa waliokuwa nao. Na Kutch kwenyewe wapo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wasidi wa Gujarat wana ngoma wanayoiita goma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo.

Leo je? Kutch iliunganishwa na India mwaka 1948. Karachi ilipobaki Pakistani, India ikajenga bandari mpya ya Kandla. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko lingine liliua watu karibu 20,000, wengi wao Kutch. Ilikuwa sikukuu ya taifa, na pale Anjar wanafunzi waliokuwa kwenye gwaride walifukiwa na vifusi pamoja na walimu wao. Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwanza. Baadaye serikali ilisamehe kodi viwanda vipya, vikamiminika. Mundra ile ile ya Jairam sasa ni mojawapo ya bandari kubwa kabisa za India. Lakini mvuna chumvi bado anakaa jangwani miezi kadhaa kila mwaka akivuta maji ya chumvi kutoka ardhini. Na kijiji cha Madhapar, karibu na Bhuj, kinajulikana kwa wingi wa mabenki, kwa sababu watoto wake walioko Uingereza na Afrika Mashariki wanatuma fedha nyumbani.

Kwa nini nahangaika na haya yote? Kwa sababu jibu la reli linamfanya Mhindi aonekane mzigo ulioshushwa na mkoloni, na linamfanya Mswahili wa pwani aonekane mtu aliyekuwa amekaa tu akisubiri historia imfikie. Ukweli ni kwamba pande mbili za bahari zilikuwa zikifahamiana, zikikopeshana na kudhulumiana pia, kabla Mwingereza hajatandika taruma la kwanza. Mtoto akijua hilo atamtazama mwenye duka wa mtaani kwao kama mtu mwenye historia, yenye mema na mabaya kama yetu.

Basi wadau, siku ukipewa mada hii darasani, chora ramani ya Kutch ubaoni kabla ya kuchora reli. Waulize wanafunzi: kama mngezaliwa hapa kwenye chumvi, mngekwenda wapi? Wao wenyewe wataiona bahari.