Trei za mayai hazizuii kelele, na tulijua hivyo tangu 1895

Wasee, tuongee kuhusu trei za mayai. Fungua video yoyote ya mtu aliyetengeneza sinema kwa keja yake. Ukuta umejaa trei za mayai, ama ile spanji nyeusi yenye vilima vidogo vidogo, halafu taa ya zambarau. Kwa kamera inakaa poa sana. Kisha mwenyewe anasema sasa anaweza kuweka sauti hadi mwisho na jirani hasikii kitu. Jirani anasikia. Anasikia kila kitu, na saa tano usiku anampigia keateka.

Si ati watu ni wajinga. Tunauziwa dawa ya ugonjwa mmoja ili itibu mwingine. Sauti ina shida mbili tofauti ndani ya nyumba. Ya kwanza ni sauti kugonga kuta na kurudi, mpaka maneno ya sinema yanaingiliana na husikii mtu amesema nini. Ya pili ni sauti kupenya ukuta na kwenda kwa jirani. Dawa zake hazifanani hata kidogo, na historia inaonyesha vizuri kwa nini.

Twende Marekani, mwaka wa 1895. Chuo Kikuu cha Harvard kimefungua jumba jipya la sanaa linaloitwa Fogg, na ndani kuna ukumbi wa mihadhara. Ukumbi ni mpya lakini hautumiki. Neno moja likitamkwa linabaki likisikika karibu sekunde 5 na nusu. Kufikia hapo mhadhiri ashasema maneno mengine kumi na tano, na yote yanaelea hewani pamoja. Mkuu wa chuo, Charles Eliot, akamwita mwalimu wa fizikia ambaye hakuwa amefika hata miaka 30, Wallace Clement Sabine, akamwambia atafute suluhisho. Sabine hakuwa na PhD, na hakuwahi kuipata. Hiyo nawapa bure nyinyi mnaoniuliza kila wiki nitarudi chuo lini.

Sabine hakuanza kwa kununua vitu. Alianza kwa kupima. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umenyamaza. Alipuliza bomba la kinanda cha kanisa, akalizima, kisha kwa masikio yake na chombo cha kupima muda akahesabu sauti inachukua muda gani kupotea kabisa. Halafu yeye na wasaidizi wake wakabeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, wakayapanga ndani ya Fogg na kupima tena. Wakaongeza matakia, wakapima tena. Asubuhi kabla watu hawajafika, matakia yalikuwa yamerudishwa mahali pake. Bila matakia ilikuwa sekunde 5 na nusu. Ukumbi ukijaa matakia, ilishuka hadi karibu sekunde 1.

Jamaa alikuwa makini kupita kiasi. Aligundua kuwa nguo alizovaa zilikuwa zinanyonya sauti na kubadilisha matokeo. Akatupa maelfu ya vipimo, akaanza upya, na kila usiku akawa anavaa nguo zilezile. Akagundua pia kuwa mtu mmoja ananyonya sauti kama matakia sita hivi. Ndiyo maana ukumbi uliojaa watu husikika tofauti na ukumbi mtupu.

Mwaka wa 1898 akapata kanuni ambayo bado inatumika. Chukua ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa vitu vilivyomo. Jibu ni sekunde ambazo sauti itachukua kufifia. Mfano: bedsita ya mita 3 kwa 4, urefu wa kwenda juu mita 2.5, ina mita 30 za ujazo. Kuta zikiwa tupu, tuseme unyonyaji wote ni 2, unapata sekunde 2.4. Ukiingiza godoro, kapeti na mapazia mazito mpaka ufike 12, unapata sekunde 0.4. Hapo mazungumzo ya sinema yanasikika safi. Kwa kanuni hiyo Sabine alishauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900, na mpaka leo inahesabiwa kati ya kumbi bora za muziki duniani.

Sinema nazo zilijifunza somo lilelile. The Jazz Singer ilipotoka 1927 na filamu za kuongea zikashika, majumba mengi yalikuwa yamejengwa kwa filamu bubu, muziki ukipigwa ukumbini. Muziki unavumilia mwangwi, mazungumzo hayavumilii. Ikabidi kuta zivalishwe vitu vya kunyonya sauti. Ukienda sinema leo, gusa ukuta. Mara nyingi utakuta kitambaa, na nyuma yake kitu kinene.

Sasa angalia: matakia ya Sabine hayakuzuia hata sauti moja kutoka nje ya Fogg. Hiyo haikuwa kazi yake.

Kuzuia sauti isipenye ni kazi ya uzito. Ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti inayopita kwa kama desibeli 6 tu, na sikio linahitaji karibu desibeli 10 ndipo lihisi sauti imepungua nusu. BBC walipojenga Broadcasting House kule London, iliyofunguliwa 1932, waliweka studio katikati kwenye mnara wa matofali, kisha wakazizungushia ofisi ili kelele za barabara zisifike. Pamoja na hayo yote, treni za chini ya ardhi za Bakerloo zinasikika kwenye ukumbi wao ulio chini. Ikiwa BBC na matofali yao yote hawakuweza kuimaliza, trei ya mayai ya karatasi itafanya nini?

Jaribu hivi: weka mdomo kwenye ile spanji upulize. Hewa ikipita, sauti pia inapita. Na ile besi ya wufa ndiyo ngumu zaidi. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kitu chenye unene wa sentimita 5 halikioni.

Kuna jambo zito zaidi ya pesa. Trei za karatasi na spanji ya bei rahisi hushika moto haraka, na spanji hutoa moshi wa sumu. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja chenye mlango mmoja, na gesi ya kupikia iko mita mbili kutoka kwa huo ukuta. Hapo huchezi na viewers, unacheza na maisha yako na ya ploti nzima.

Kwa hivyo fanya kama Sabine. Piga makofi katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unabaki, ongeza vitu vizito na laini ulivyonavyo tayari: blanketi, godoro la akiba, pazia nene, kapeti, rafu ya vitabu. Sikiliza tena. Hiyo ni ya ndani. Kwa upande wa jirani, ziba nafasi ya chini ya mlango, toa wufa kwenye ukuta mnaogawana, iinue sakafuni uiweke juu ya kipande cha raba, na punguza besi. Usiku, vaa hedifoni. Kumbuka NEMA ina kanuni za kelele tangu 2009, kwa hivyo jirani akilalamika, sheria iko upande wake.

Na fundi akikuambia anauza spanji ya kuzuia sauti, muulize swali moja: inazuia isirudi, ama isipite? Akishindwa kujibu, weka pesa yako mfukoni.