Nani Anampima Kiongozi? Fikra za Rwagasore juu ya Haki, Demokrasia na Utawala Bora

Barabara kuu ya katikati ya mji wetu wa Bujumbura, ile inayopita penye maduka ya Rohero, inaitwa kwa jina la mwanamfalme Louis Rwagasore. Kila tarehe 13 Oktoba nchi hupumzika kwa ajili yake, na maua huwekwa kwenye kaburi lake katika kilima cha Vugizo. Hakuna mwanafunzi wa Burundi asiyelijua jina hilo. Tunachokijua kidogo ni yale aliyoyafikiri. Tukishasema kuwa alikuwa shujaa wa uhuru, tunaona tumemaliza. Katika insha hii nitamtazama kama mtumishi wa umma mwenye maoni juu ya haki, demokrasia na utawala bora, na maoni hayo nitayatafuta zaidi katika matendo yake. Hoja yangu ni kwamba wazo lake kubwa lilikuwa hili: kiongozi ni mtu wa kupimwa. Nitaonyesha pia kwamba wazo hilo lilikuwa na pengo, na kwamba pengo hilo limeigharimu sana nchi yetu.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, akiwa mtoto wa mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma katika shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, huko Rwanda, kisha akapelekwa Antwerp nchini Ubelgiji, na akarudi nyumbani mwaka 1956. Mtu wa nasaba yake angeweza kukaa kimya na kula urithi. Yeye alianza na biashara, na hapo ndipo ninapoanza kuyaona maoni yake juu ya haki.

Mji wa Usumbura wa miaka ya 1950 uligawanywa kwa rangi. Rohero ilikuwa ya Wazungu. Waafrika waliishi Buyenzi na katika mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki na Waasia, na Mwafrika aliuza mazao yake kwa bei aliyopangiwa, kisha akanunua nguo na chumvi kwa bei aliyopangiwa vilevile. Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wengi wa waliomuunga mkono walikuwa Waswahili wa Buyenzi, Waislamu waliozoea biashara na ambao utawala wa Kibelgiji uliwatazama kwa wasiwasi. Mwana wa mwami, Mkatoliki aliyesoma Ulaya, aliketi na wachuuzi wa Buyenzi kupanga mtaji. Kwa enzi ile hilo halikuwa jambo dogo. Linatuonyesha kwamba kwake haki haikuanzia mahakamani. Ilianzia sokoni, kwenye swali la nani anapanga bei na nani anabaki na faida.

Lakini ushirika ule haukufika mbali. Uliingia katika madeni, usimamizi wa fedha ulikuwa dhaifu, na utawala wa kikoloni, ambao haukuupenda tangu mwanzo, ulipata sababu ya kuubana. Waandishi wengine huiruka sehemu hii kwa kuogopa kumchafua shujaa. Mimi naona tusiiruke, kwa sababu inatufundisha kwamba nia njema ya kiongozi haitoshi kama hakuna daftari linalokaguliwa. Somo hilo litarudi mbele.

Baada ya ushirika ilifuata siasa. Chama cha UPRONA kilichukua sura yake chini ya Rwagasore kuanzia mwaka 1958. Mambo mawili ya chama hicho yanaeleza vizuri maoni yake juu ya demokrasia. La kwanza ni watu wake. Ndani ya UPRONA walikuwamo Waganwa, Watutsi na Wahutu, kina Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe wakiwa miongoni mwa viongozi. Wakati huohuo nchini Rwanda vyama vilikuwa vinajipanga kwa kabila, na mapinduzi ya mwaka 1959 yalikuwa yameonyesha njia hiyo inaelekea wapi. Rwagasore aliijua hatari hiyo kwa karibu, akachagua chama cha nchi nzima. La pili ni msimamo wa chama juu ya ufalme. UPRONA iliutetea ufalme, lakini kwa sharti: uwe wa kikatiba, na uungwe mkono kwa kadiri unavyosaidia ukombozi wa raia. Tukumbuke mwami aliyekuwapo alikuwa baba yake mzazi. Aliyesema hivyo alikuwa amemweka hata baba yake kwenye mizani.

Wabelgiji walilielewa hilo upesi. Mwaka 1960 waliweka kanuni ya kuwazuia ndugu wa karibu wa mwami wasishike nafasi za kisiasa, na kila mtu alijua kanuni hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Mwishoni mwa mwaka huo, wakati wa uchaguzi wa komuni, Rwagasore aliwekwa kizuizini Bururi. Chama pinzani cha PDC, kilichokuwa karibu na utawala, kilishinda. Umoja wa Mataifa, uliokuwa na jukumu la kuisimamia Ruanda-Urundi kama nchi ya udhamini, uliingilia kati na kudai uchaguzi mwingine wa wazi. Uchaguzi huo ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961, na UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64.

Hapa ndipo penye kiini cha insha yangu. Mtu aliyefungiwa, aliyezuiwa kwa kanuni ya kutungwa, sasa ameshinda karibu viti vyote. Angeweza kusema zamu yetu imefika. Katika hotuba yake ya ushindi alisema kinyume cha hayo: kwamba ushindi ule haukuwa wa chama dhidi ya chama, bali ulikuwa wa utulivu, nidhamu na amani, na aliwaahidi wananchi kwamba wao ndio watakaoihukumu serikali kwa matendo yake. Naona katika maneno hayo mambo mawili ambayo vitabu vya sayansi ya siasa huyaeleza kwa kurasa nyingi. Moja, aliyeshindwa bado ni raia kamili, na usalama wake ni jukumu la aliyeshinda. Pili, kura haimalizi kazi ya mwananchi, inaianza. Baada ya kupiga kura mwananchi anabaki kuwa hakimu.

Hakimu huyo hakupewa nafasi. Tarehe 13 Oktoba 1961, wiki mbili tu baada ya kuwa waziri mkuu, Rwagasore alipigwa risasi katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa, hapa Bujumbura. Alikuwa na miaka 29. Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na nyuma yake kulikuwa na watu wa PDC.

Yaliyofuata ni mtihani wa kwanza wa mawazo yake, na nchi ilifeli mara mbili. Kwanza, Januari 1962, vijana wa chama waliobeba jina la Rwagasore walivamia Kamenge na kuwaua Wahutu waliokuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa chama pinzani. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu azikwe mtu aliyesema aliyeshindwa ni raia kamili. Pili, kesi ya mauaji yake. Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru wenzake walishtakiwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watano walinyongwa hadharani Gitega. Miongoni mwao walikuwamo viongozi wa PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, ambao hukumu ya awali ilikuwa imewapa kifungo. Sisemi hawakuwa na hatia. Nasema kwamba mtu kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja, mpaka ipatikane hukumu inayotakiwa, ni kisasi kilichovaa joho la mahakama. Nchi ilitaka kumtendea haki Rwagasore kwa njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikataa katika hotuba yake.

Sasa nalitaja pengo. Rwagasore alisema kiongozi apimwe, lakini hakupata muda wa kujenga chombo cha kumpima. Bunge lilikuwa changa, mahakama ilikuwa inaondoka mikononi mwa Mbelgiji, na chama kiliuegemea mno mwili wa mtu mmoja. Mwili huo ulipoanguka, mizani ilianguka nao. Ngendandumwe, naye akiwa waziri mkuu, aliuawa Januari 1965. Uchaguzi wa Mei 1965 ulikuwa wa mwisho wa vyama vingi kwa miaka 28. Mwaka 1966 UPRONA ilitangazwa kuwa chama pekee, na Novemba mwaka huohuo Micombero akauondoa ufalme kwa mapinduzi. Chama kilichozaliwa kikisema wananchi ndio mahakimu sasa kilikuwa kimewanyima kura ya kuhukumu. Picha ya mwanzilishi ilibaki ukutani, na hapo nadhani ndipo tulipojifunza kumsifu bila kumsikiliza.

Wapo watakaosema kwamba ninampamba mtu aliyekufa mapema, na kwamba kama angetawala miaka kumi angekuwa kama wengine. Inawezekana. Mtu aliyetawala wiki mbili hana rekodi ya kutosha. Lakini hoja hiyo inaunga mkono ninachosema. Wazo lake halikututaka tumwamini yeye. Lilitutaka tumpime yeye na kila atakayemfuata. Hata ushirika ulioshindwa unasema hivyohivyo.

Tena wazo lenyewe lilirudi. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa rais kwa takriban asilimia 65 ya kura, na chama chake cha FRODEBU kikapata viti 65 kati ya 81. Naye alishinda kwa kishindo, naye hakuchukua vyote: waziri mkuu wake, Sylvie Kinigi, alitoka UPRONA, chama kilichoshindwa. Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, baada ya siku zaidi kidogo ya 100 madarakani, na vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Viongozi wawili, miaka 32 kati yao, wote wawili walimpa aliyeshindwa nafasi, na wote wawili waliondolewa kwa risasi kabla wananchi hawajapata cha kuwahukumia.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 na Katiba ya mwaka 2005 vilichukua njia nyingine. Badala ya kutegemea ukarimu wa mshindi, viliandika kuwamo kwa wote kama sharti: serikalini Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi wasizidi asilimia 40, na wanawake wasipungue asilimia 30. Kile ambacho Rwagasore alikifanya kwa hiari kikawa kifungu cha sheria. Naona hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu kifungu cha sheria hakiuliwi kwa risasi moja. Hata hivyo, mgawanyo wa viti unajibu swali la nani aingie serikalini; haujibu swali la nani atazikagua hesabu zake na kumsikiliza mwananchi aliyeonewa na afisa. Hiyo ni kazi ya bunge, ya mahakama, ya vyombo vya habari, na pia yetu sisi tunaosoma.

Wazee wetu walikuwa na bashingantahe, watu waliosimikwa mbele ya jamii ili waamue magomvi bila kumwogopa mkubwa. Mtu hakuzaliwa mushingantahe. Alitazamwa miaka mingi kwanza, na baada ya kusimikwa aliendelea kutazamwa. Rwagasore alikuwa anadai kwa lugha ya siasa ya kisasa jambo ambalo babu zetu walilijua vilimani. Kwa hiyo tusiseme demokrasia ni nguo ya kuazima iliyokuja na meli ya Mzungu. Kupimwa kwa kiongozi ni mali yetu. Kilichotukosa tangu mwaka 1961 ni mizani inayobaki imesimama hata anayeishika akiuawa, na kizazi chetu kikitaka kumheshimu Rwagasore kitaanza na kazi hiyo ya kuijenga.